Nakala Safi

14 Januari

Binti wa kaka yangu,

Najua utaruka salamu ukimbilie habari za mtoto, kwa hiyo nakutangulizia: hajambo, anakula, amelala wakati huu ninaoandika.

Hukukosea kumwita Chiriku. Siku ile ulipomwacha alianza kusema akiwa mlangoni akamaliza akiwa usingizini, na katikati hapo sikupata nafasi hata ya kupiga chafya. Lakini nikuambie kama shangazi yako: mtoto umezaa, malezi umeyaacha njiani. Analala na soksi. Anakula huku akizunguka meza kama askari wa zamu. Mswaki anautia mdomoni, anautoa ili asimulie jambo, kisha anausahau dirishani. Na anataka kulala katikati ya kitanda changu, mimi ambaye nimelala peke yangu miaka ishirini na sita. Sikulaumu. Mpishi wa hoteli huondoka mtoto amelala na kurudi mtoto amelala, na baba yake alipohamia nyumba nyingine hakukuachia wa kukusaidia. Hoteli nayo ikafungwa. Hayo nayajua. Lakini samaki mkunje angali mbichi, na huyu ana miaka saba, bado anakunjika.

Nimebandika ratiba ukutani. Kuamka saa kumi na mbili. Kutandika kitanda kabla ya kusema neno lolote. Mswaki dakika mbili kwa saa ya ukutani, mdomo ukiwa na kazi moja tu. Kula ukiwa umekaa. Jioni kazi za shule, kupanga begi, mswaki tena, na saa mbili kulala, kitandani kwake mwenyewe. Kila Jumamosi, akishafua soksi zake, barua kwa mama.

Barua hizo nitazipitia. Miaka thelathini na mmoja nilikaa meza ya wasahihishaji pale kiwanda cha uchapaji, na hakuna karatasi iliyotoka mikononi mwangu na doa. Ataandika ya kwanza, nitampigia mistari myekundu, ataandika nakala safi, na hiyo safi ndiyo itakayopanda lori la kwenu. Kumaliza kazi vizuri nako ni tabia njema.

Fanya kazi yako kwa amani. Mwaka mmoja si mwingi.

Shangazi yako


(Ndani ya bahasha hiyo)

Mama mpendwa,

Mimi ni mzima. Natumaini nawe ni mzima. Ninaishi vizuri na Bibi. Ninapiga mswaki mara mbili kwa siku. Ninalala kitandani kwangu. Nakutakia kazi njema.

Mwanao mtiifu,
Chiriku


5 Februari

Shikamoo Shangazi,

Nimecheka peke yangu jikoni mpaka msaidizi wangu akaja kuangalia kama nimeungua. "Askari wa zamu" ni yeye kabisa. Ahsante. Najua mtoto wa watu ni mzigo, na wewe ulikuwa umeshazoea nyumba yako kimya.

Huku nilipo ni kambi ya wajenzi wa bwawa tu. Bwawa lenyewe bado ni shimo na mashine. Nawapikia wanaume mia mbili na sitini, asubuhi chai na mkate, mchana wali na maharage, jioni kile kilichobaki nikikipa jina jipya. Wananiita Bi Mwiko. Simu iko moja, ya msimamizi, ya kumwitia daktari; barua zinakuja na lori la mahitaji kila Alhamisi ya pili, juu ya magunia ya vitunguu, ndiyo maana bahasha zangu zinanuka. Lori likiingia wanaume wote hawa wakubwa wanajipanga mstari kama watoto wa shule. Nami najipanga, na mwiko mkononi.

Barua ya Chiriku nimeibandika juu ya pipa la unga. Mwandiko umenyooka mpaka naogopa. Naisoma kila ninapochota unga, na nachota unga mara nyingi.

Swali moja, Shangazi, na unijibu bila kunipaka mafuta. Analia?

Mwanao


9 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Halii.

Wiki mbili za kwanza kulikuwa na mvua kidogo, kisha mbingu zikatulia. Sasa anatandika kitanda, shuka limevutwa hata sarafu ukiitupa itaruka. Viatu vinatazama mlango. Mwalimu wake wa darasa la pili aliniita, nikaenda nikidhani kuna kesi, kumbe anataka kujua nimefanyaje, maana mtoto aliyekuwa akisema hata wakati wa kuitwa majina sasa ananyoosha mkono kwanza. Nikamwambia ni mambo madogo kila siku, saa ile ile, bila kelele na bila kuruka. Haba na haba.

Nami nimepata tabia mpya ambayo haipo ukutani. Tangu nistaafu nilikuwa nakunywa chai nimesimama pale dirishani, kwa sababu kukaa mezani peke yangu kulinifanya nione kama nangoja mtu. Sasa nakaa. Anakaa upande wa pili, miguu haifiki chini, na tunakunywa. Hatusemi sana. Vikombe viwili vikiwa mezani nyumba inakuwa nyingine kabisa.

Barua yake ya Jumamosi iko ndani.

Shangazi yako


16 Mei

Chiriku wangu,

Barua zako zote nimezipata, kumi na tano, hakuna hata moja iliyokunjika. Wewe ni mzima, mimi ni mzima, Bibi ni mzima. Hilo nimeshalijua mara kumi na tano na nashukuru Mungu.

Lakini niambie kitu kingine. Umecheka nini wiki hii? Nani anakaa na wewe darasani? Mbona huniulizi kitu? Zamani ulikuwa unaniuliza kama samaki hupata kiu na kwa nini mkate una ngozi, nami nimechoka nataka kulala. Sasa sijachoka. Niulize.

Mama


(Pamoja nayo)

Shangazi, shikamoo. Usinielewe vibaya, barua ni nzuri kuliko za msimamizi wetu. Ila zinanijia kama za mtu wa ofisini. Wakati mwingine nafikiri ameshanizoea nikiwa mbali, na kwamba huo ndio uzima wenyewe. Kila mama anataka mtoto asiumie. Nilikuwa sijui kwamba asipoumia ndiyo nitaumia mimi. Ni ujinga, usimsomee.


3 Julai

Mwanangu,

Mtoto ametulia, na wewe unalalamika kwamba ametulia. Ukipewa maji ya moto unasema yanachoma, ukipewa ya baridi unasema yanauma meno.

Barua yako nilimsomea mezani. Alisikiliza mpaka mwisho akauliza kama amemaliza zamu ya kusikiliza aende kupanga begi. Jumamosi nilimwambia aeleze kitu kilichomchekesha. Akaandika, lakini ilikuwa karatasi ya fujo, imefutwafutwa, mambo ya nyumbani na ya shuleni yamechanganyika, tukaona aiboreshe. Safi unayo hapa.

Katika barua yako ya Juni umeniambia wakubwa wako wanataka watu wa awamu ya pili, miaka miwili. Utafikiri mwenyewe, wewe ni mtu mzima. Mimi nasema mti mchanga hauhamishwihamishwi. Hapa ana shule, ana saa zake, ana meza yake. Ukija na huna kazi mtaanza tena kuhangaika na vyumba vya kupanga, na hizi tabia zote tulizojenga zitamwagika kama maji. Mimi sijachoka. Kama ni kwa ajili yangu, usiharakishe.

Shangazi yako


12 Oktoba

Shikamoo Shangazi,

Mkataba wa awamu ya pili umefika. Tutatia sahihi tarehe thelathini Novemba, na anayekataa anaondoka na lori la Desemba.

Nimepiga hesabu ya kila namna. Nikirudi, sina mlango wa kuugonga. Nikibaki, nitarudi akiwa na miaka kumi. Fimbo ya mbali haiui nyoka, Shangazi, na mimi ni fimbo ya mbali. Sijui hata urefu wake wa sasa. Kuna fundi mmoja hapa ana mtoto wa umri ule ule. Alinionyesha kwa mkono, "yuko hapa," akaweka kiganja kifuani. Nami nikaweka kiganja changu kwenye mbavu, halafu nikaona kwamba nabahatisha tu.

Barua zake nimezisoma zote upya, kwa mpangilio, kuanzia ya Januari. Mtoto anayeandika vile hanihitaji kwa haraka. Nimetafuta mstari mmoja unaoniambia rudi. Haupo. Kwa hiyo nakuuliza wewe unayemwona kila siku: kuna neno ambalo hujaniambia? Kama lipo, liseme sasa, lifike kabla ya tarehe thelathini. Nikisikia "rudi", nitarudi hata na miguu.

Mwanao


9 Novemba

Mwanangu,

Marahaba. Mtoto hajambo. Ametimiza miaka minane, tulikata keki ndogo, alisema ahsante kwa kila aliyekuja. Hakuna neno. Tia sahihi.

Shangazi yako


(Ndani ya bahasha hiyo)

Mama mpendwa,

Mimi ni mzima. Natumaini nawe ni mzima. Ninaishi vizuri na Bibi. Nimetimiza miaka minane. Nakutakia kazi njema.

Mwanao mtiifu,
Chiriku


7 Desemba

Binti wa kaka yangu,

Barua hii imechelewa na mimi ndiye niliyeichelewesha. Kaa chini kabla hujaendelea.

Jana Jumamosi mtoto aliniletea barua anayokuandikia kabla soksi hazijakauka. Safi, haina hata nukta ya kusahihisha. Nikamuuliza ile ya kwanza iko wapi, maana kalamu yangu nyekundu ilikuwa tayari. Akanijibu kwa adabu, amesimama wima, "Siandiki tena ya kwanza, Bibi. Ile ya kwanza haiendi."

Nikachukua safi yake nikaiweka kando ya karatasi zake za kwanza za Novemba na Oktoba, nilizobaki nazo. Neno kwa neno. Mtoto amekariri barua ya kukuandikia, kama anavyokariri majedwali ya kuzidisha.

Kiwandani tulikuwa na utaratibu: karatasi ya kwanza haitupwi. Inafungwa na safi yake, inakaa kwenye jalada mwaka mzima, ili mteja akija na ugomvi ionekane nani alikosea. Nilistaafu na utaratibu huo nikauleta nyumbani. Kwa hiyo zipo zote. Nimelifungua jalada nikasoma zile karatasi kwa mara ya kwanza, mwanangu. Mara ya kwanza. Nilikuwa nimezipitia moja moja kila Jumamosi na kalamu mkononi, na nilichoona ni wino uliomwagika, sentensi zisizo na mwisho, na mambo yasiyofaa kumwandikia mtu aliye kazini. Niliyakata. Nilimwambia barua njema haimtii msomaji wasiwasi. Alisikia. Ni mtoto msikivu.

Kuna la pili. Uliniuliza kama analia nikakujibu halii. Analia. Analia bafuni, asubuhi na jioni, zile dakika mbili za mswaki, kwa sababu ndizo dakika nilizompa ambazo hakuna mtu wa kumsemesha. Nilijua tangu Februari. Nilisimama nje ya mlango mara moja nikasikia, nikaangalia saa ya ukutani, dakika mbili zikaisha, akatoka uso umeoshwa, akaniambia, "Tayari, Bibi." Nami nikaona ni maendeleo.

La tatu ni langu. Ulipouliza Oktoba kama kuna neno, nilikaa na barua yako siku kumi. Nilikuwa najua kuna kitu hata kama sikutaka kukitazama. Lakini nilikuwa nimeshazoea vikombe viwili. Sikukwambia uongo kwa ajili ya mtoto, wala kwa ajili ya kazi yako. Niliogopa kurudi kusimama dirishani.

Kinyozi hajinyoi. Miaka thelathini na mmoja nimeona makosa ya watu wote. Nakutumia karatasi zote, arobaini na mbili. Mistari myekundu ni yangu.

Shangazi yako


(Kutoka kwenye jalada)

18 Januari. Mama kitanda cha hapa kinapiga kelele nikigeuka, mimi nalala peke yangu sasa, wewe unalala na nani. Bibi ana saa inayosema tiki na mimi nahesabu. Leo nimefika mia nne halafu nikasahau

22 Februari. Mama jino la mbele limetoka lenyewe nilipokuwa nakula mkate. Nimekufungia kwenye karatasi hii. Ukiliona utajua mdomo wangu ulivyo sasa
(Kwa wino mwekundu: Meno hayatumwi kwa barua.)

15 Machi. Bibi amesema mtoto mwenye tabia njema hupendwa kila mahali. Mama ulikwenda kwa sababu nilikuwa nalala na soksi? Sasa nalala bila soksi miguu inapata baridi lakini si kitu. Nikimaliza ratiba yote bila kukosea utarudi siku gani
(Kwa wino mwekundu: Futa. Usimtie mama wasiwasi.)

7 Juni. Umesema nikuulize. Nimekuuliza mara nne. Au unajibu barua nyingine. Kama swali langu ni baya niambie nitauliza jingine

30 Agosti. Mama leo darasani waliniita jina langu lile la kwenye daftari, nikakumbuka wewe huniiti hilo. Nikajaribu kukumbuka unavyoniita kwa sauti yako. Nimekumbuka neno lakini sauti haikuja

18 Oktoba. Mama mpendwa. Mimi ni mzima.
(Hakuna wino mwekundu.)


22 Desemba

Chiriku wangu,

Barua zako za kweli nimezipata Alhamisi. Kila niliyempakulia chakula siku ile alipata wali ulioungua, akaula hivyo hivyo.

Nakujibu sasa. Nalala peke yangu, kwenye chumba cha mbao, na kitanda changu nacho kinapiga kelele. Jino nimelipata, Bibi alilitunza kwenye karatasi yake, liko mfukoni mwa aproni yangu. Sikuondoka kwa sababu ya soksi. Hata ungelala na viatu vya mvua nisingeondoka kwa hilo. Niliondoka kwa sababu hoteli ilifungwa na sikupata jiko jingine karibu, na nikadhani mwaka mmoja utapita haraka kwa sababu mimi ni mkubwa na mwaka kwangu ni mfupi. Kwako haukuwa mfupi. Hilo sikulifikiria. Hakuna ratiba utakayoimaliza ndipo nirudi, kwa sababu si wewe uliyekosea. Na hakuna swali lako hata moja lililokuwa baya.

Sauti siwezi kuiandika, ingawa nimejaribu hapa jikoni, nimekuita kwa nguvu mpaka msaidizi akajibu "naam".

Nina habari. Msimamizi amenipa likizo. Siku kumi na nne, Februari, kwenda na kurudi humo humo. Nitakuja. Nitakaa na wewe mezani na kitandani na popote, tutasema mpaka Bibi aombe kupumzika. Nitafutie mambo ya kuniambia.

Mama


(Kwa Shangazi)

Shikamoo. Nilitia sahihi tarehe thelathini, asubuhi, kabla ya watu wote, kwa sababu uliniambia hakuna neno.

Nimekasirika na sitaki kukuficha. Nimeandika karatasi tatu za hasira nikazitia motoni chini ya sufuria, maana siwezi kumtukana mtu aliyenisuka nywele mpaka nikamaliza shule. Halafu, nilipotulia, nikakumbuka kwamba mtoto yule nilimzaa mimi. Nilimjua akisema mpaka usingizini, kisha zikanijia barua arobaini zisizo na swali hata moja, nami nikasema ametulia. Nilipenda kuamini, Shangazi. Ilinirahisishia kazi. Wewe ulikata maneno, mimi nikafurahia karatasi nyeupe.

Usimpigie tena mistari. Chochote atakachoandika kiweke kwenye bahasha kama kilivyo.


11 Januari

Mama

Bibi amesema hataisoma hii, ameniachia bahasha amekwenda nje kumwagilia maua na yeye hapendi maua. Kwa hiyo naandika peke yangu.

Nimesoma majibu yako. Ahsante. Lakini maswali yale niliuliza nikiwa na miaka saba na sasa nina minane. Mengine nilishajijibu. La soksi nilijijibu vibaya nikakaa nalo mpaka juzi.

Nataka kukuambia kitu kuhusu siku kumi na nne. Bibi alinifundisha kwamba tabia haiji siku moja, lazima urudie. Mimi niliweka alama nyuma ya ratiba kwa penseli, Bibi hajui. Kupiga mswaki bila kukumbushwa nilichukua siku ishirini na sita. Kutandika kitanda siku thelathini na tatu. Kulala peke yangu siku tisini na moja. Kukaa bila wewe sijaweka alama ya mwisho kwa sababu kila nikidhani nimemaliza naanza tena, lakini tangu Oktoba ilikuwa inakaribia.

Kwa hiyo ukija siku kumi na nne sitawahi kukuzoea. Labda siku ya kumi na tatu ndiyo nitaanza. Halafu utaondoka, na mimi nitatakiwa kuzoea kukaa bila wewe tangu mwanzo, na ile ndiyo ngumu kuliko zote, mama. Kuliko mswaki.

Si kwamba sikutaki. Lakini usije kwa siku kumi na nne. Njoo ukiweza kukaa. Kama huwezi niambie tu, nitaendelea kuandika, na sitaandika ile ya mimi ni mzima.

Bibi amerudi. Hakuuliza. Amemwaga maji mengi mno.

Chiriku


30 Januari

Shikamoo Shangazi,

Barua ya mtoto nimeisoma nikiwa nimekaa juu ya gunia, lori bado halijazima. Nikaenda moja kwa moja ofisini kwa msimamizi na aproni yangu. Nikamwambia simrudishii likizo tu, namrudishia na mkataba. Akaniuliza kama nimepata kazi kwingine. Nikamwambia hapana. Akasema mtu mwenye akili haachi jiko kwa ajili ya barua ya mtoto wa miaka minane, na kwamba nikitoka mlango huu haufunguki tena. Nikamwambia ni kweli. Akatia sahihi karatasi ya kuniachia polepole, akitumaini nitabadilika.

Wameniomba nibaki mpaka wapate mpishi mwingine, nimewapa wiki nne. Nitapanda lori la Alhamisi ya mwisho ya Februari.

Sina pa kufikia. Naomba kwako, kama bado una nafasi kwa mtu aliyekuandikia kwa hasira. Sijui tutakaa muda gani, na sitaki uhisi kwamba tumekuhamia. Nyumba ni yako na meza ni yako. Kikombe cha tatu nitakuja nacho. Kuhusu yale uliyoniandikia, sijayasahau, wala sitajifanya. Tutayasema tukiwa tunaosha vyombo, kidogo kidogo.

Ombi ni moja. Usimwandae. Usimwambie anipokee vipi, asinishikie mzigo, asinipe maji ya kunywa kama mgeni, asilazimishwe kuniita mama mbele ya majirani. Akitaka kukaa chumbani mwache. Akila bila kunitazama mwache ale. Mimi sina lori la kuwahi tena, nitakuwa hapo kesho yake, na keshokutwa, na siku inayofuata, mpaka aweke alama yake nyuma ya karatasi ya ratiba.

Mwanao